Mpishi wa Mbwa wa Forodha

Rubondo, ule upande wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale waliopangiwa wengi wetu tuliotoka Kivu ya Kusini, walikuwa wakiniita mama wa mbwa. Jina lilianza kwa utani, likaota mizizi. Wenzangu walilima mahindi na maharage, wengine walichuuza dagaa na chumvi, na mimi kila Jumatatu nilipanda gari kwenda Mbarara kuwapikia mbwa. Nikirudi Ijumaa, jirani yangu alinusa kitenge changu na kutangaza kwamba leo mbwa wamekula maini. Tulicheka wote, ingawa mwenzangu alicheka huku ameuma meno. Mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa, ukapunguzwa tena, na nyumba nyingine zilikuwa zimefutwa kabisa. Kumwambia mtu aliyefutwa kwamba mjini kuna mbwa anayepimiwa chakula kutoka ng'ambo, chakula kinachokuja kwenye mifuko yenye picha ya mbwa mnene, ni kumtukana. Kwa hiyo sikusema kitu. Walijua wenyewe.

Kazi yangu sikuionea haya hata siku moja. Nilikuwa mjane mwenye mama mzee, na anayedhani kuna kazi ya aibu hajawahi kupanga foleni ya mahindi juani. Forodha walikuwa na mbwa wawili wa kunusa magendo, mmoja wa kahawia na mmoja mweusi, katika uwanja wenye ua wa mabati upande wa Kamukuzi. Wa kahawia alifundishwa tumbaku. Mweusi alifundishwa vitu vya porini, yaani meno ya tembo na magamba ya kakakuona, yule mnyama wa msituni anayejiviringisha akiguswa. Magamba hayo hutolewa misitu ya kwetu, yakafichwa chini ya kahawa au samaki wakavu, yakapita Uganda kwenda kuuzwa mbali. Wafadhili wa ng'ambo ndio waliowaleta mbwa, wakawajengea mabanda yenye sakafu ya saruji, wakamsomesha askari wa kuwaongoza, na wakanilipa mimi nipike, nifagie na nichote maji.

Askari mwenyewe alikuwa Mwislamu wa hapo hapo Mbarara, mtu mrefu, mpole, mwenye maneno machache. Watu wa msikiti wake walimsumbua sana kuhusu mate ya mbwa. Alikwenda kumuuliza shehe, shehe akamwambia mbwa wa kazi hana ubaya, mradi ajitwaharishe kabla ya kuswali. Basi karibu na bomba aliweka kopo la udongo safi, na kila adhana ikikaribia alijiosha mara saba, mara moja kwa ule udongo, bila haraka na bila kujali anayemtazama. Kazini alivaa glavu ya ngozi. Mpira wa yule mweusi, uliokuwa umelowa mate siku zote, sikuwahi kumwona akiushika kwa mkono mtupu.

Mpira huo ndio uliokuwa mshahara wa mbwa. Watu wanafikiri mbwa wa forodha hubweka na kurarua mifuko. Yule mweusi hakubweka. Akipata harufu yake aliketi. Aliketi chini, mgongo umenyooka, akaukazia macho mzigo, wala hakuinuka mpaka askari amrushie mpira. Nyama haikumhusu akiwa kazini. Nilishamwona akijaribiwa: ini bichi limewekwa katikati ya njia, naye akalipita kama jiwe. Kazi ikiisha ndipo alipokuja jikoni kwangu kudai haki yake, tena kwa makelele.

Siku yangu ya kwanza, askari alifungua mkebe wa mazoezi kunionyesha kitu ambacho nisikiguse wakati wa kufagia. Ndani kulikuwa na magamba. Nilikunja uso kana kwamba sijawahi kuyaona, kumbe nimekua nayo. Kofia ya baba yangu ilikuwa imeshonewa magamba kama yale, safu juu ya safu, na kauri mbele.

Hapa lazima nieleze, maana asiye wa kwetu atadhani baba alikuwa mwindaji. Kwetu, kwenye vilima vya msitu, kumuua kakakuona ni mwiko. Wazee husema ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba, kwa jinsi magamba yake yanavyolaliana. Akikutwa amekufa msituni, alipelekwa kwa wazee wenye cheo, na magamba yake yakawa ya kofia zao. Baba alipewa ya kwake baada ya miaka mingi ya kupatanisha watu. Na kofia ile ilikuwa na adabu zake. Haikuwekwa chini mavumbini, hata kidogo. Ilitandikiwa kitu kwanza. Na ikiingia mahali, hakuna aliyebaki amesimama. Tulikuwa watoto tunacheza, baba akatokea amevaa kofia, na sote tukaketi chini pale pale tulipo, hata kama ni kwenye matope.

Tulipokimbia, baba aliacha ng'ombe na mama akaacha vyungu, lakini kofia mama aliifunga tumboni chini ya kitenge, akavuka nayo mpaka kama mjamzito. Baba alifia Rubondo. Kofia ikabaki imechomekwa kwenye paa la nyumba yetu, ikisubiri mzee mwingine wa cheo kile wa kuipokea, na mzee huyo hakuwa amepatikana. Mama aliificha sana. Hakuwaficha polisi, aliwaficha watu wa kanisa. Yeye mwenyewe anaimba kwaya ya wamama, hakosi Jumapili, lakini aliwajua wachungaji na hasira yao juu ya vitu vya zamani.

Nilipojua sheria inasemaje, nilirudi Rubondo mbio. Nilimweleza kwamba kukutwa na magamba yale ni jela, tena jela ndefu, na kwamba mkimbizi akishaingia jela dosie yake, yaani faili lake la ukimbizi, nayo inaharibika. Nilimsihi asiitoe kofia nje ya nyumba. Mama alinisikiliza huku anapepeta maharage. Kwa akili yake magendo ni kitu mtu anachouza.

"Miye siko nauzisha baba yako," alinijibu, akaendelea kupepeta.

Kisha ule mradi ukaanza kukauka. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mimi niliona maneno hayo yakitimia kwa mbwa wenyewe. Mifuko ya chakula ilichelewa, halafu ikakoma. Wafadhili walisema chakula sasa ni juu ya ofisi, ofisi nao wakasema chakula ni cha wafadhili, na katikati ya hayo mimi nilikuwa na sufuria. Nilipika posho, yaani ugali wa mahindi, nikauchanganya na vichwa vya dagaa nilivyoombaomba sokoni. Mafuta ya gari yakawa ya kubahatisha, mbwa wakakaa wiki nzima bila kutoka. Wa kahawia akatokwa na manyoya, akachukuliwa kurudishwa Kampala, nikabaki na mweusi, mbavu zake zikianza kuhesabika. Niliona hasira. Mnyama amefundishwa kazi, amefungiwa, hawezi kwenda kujitafutia, halafu mnabishana nani amlishe. Sisi wa makazini tuliijua hali hiyo vizuri, na labda ndiyo sababu ilinichoma.

Nilimsimulia mama. Ningejua, ningeuma ulimi. Mama alisikitika kuliko nilivyotazamia, akasema mbwa wa kazi kulala njaa ni dhambi, na tangu siku ile akawa anakusanya mifupa. Popote Rubondo palipochinjwa, msibani au harusini, yeye alibaki nyuma na mfuko wake. Aliianika juani ikauke, nami kila Jumatatu nikapanda gari na mfuko huo, sashe la mifupa. Watu walicheka mpaka wakachoka.

Siku moja askari alinikuta nafagia, akaniambia bila kuniangalia kwamba wageni wanakuja. Wafadhili walitaka kuona kazi kwa macho, barabarani, si mazoezi ya mkebe. Wasiporidhika, mradi unafungwa. Niliuliza na mbwa je. Akasema hajui, akaenda kujiosha.

Asubuhi ya siku ya wageni tulikwenda kwenye njia ya kutoka Isingiro, mahali ambapo magari yanapunguza mwendo kabla ya kuingia Mbarara. Mimi nilichukuliwa kubeba maji na bakuli, kwa kuwa mbwa alikubali kunywa kwangu. Wageni walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wamesimama kivulini na mkuu wa kituo chetu. Mkuu alikuwa amevaa sare mpya na alicheka ovyo. Magari yalisimamishwa, mizigo ikashushwa na kupangwa kwenye vumbi kando ya barabara, mbwa akapita, hakuna kitu. Gari jingine, hakuna. Jua lilipanda. Mkuu aliacha kucheka. Askari alikuwa na kijasho chembamba juu ya mdomo, na mara mbili nilimwona akigusa mfuko wenye ule mpira kana kwamba anahofia umepotea.

Kitu nilichokuwa sikijui ni kwamba Rubondo, Jumapili iliyopita, mchungaji mpya alikuwa ametangaza kwamba wazee wa kanisa watapita nyumba kwa nyumba kukusanya vitu vya mila vichomwe moto uwanjani. Mama alisikia akiwa kwenye kwaya, akaimba mpaka mwisho, akarudi nyumbani na kupanda kwenye ngazi, katika umri wake ule.

Ilikuja pikapu ya matoke kutoka Rugaaga, ile ambayo hupitia Rubondo kuchukua wachuuzi. Watu wakaambiwa washuke. Nilikuwa nimeinama namimina maji, nikasikia sauti ninayoijua ikiwaambia wenzake kwa fahari kwamba mwanawe ni yule pale, anayepikia mbwa ya serikali. Nikainua kichwa. Mama alikuwa amesimama nyuma ya gari na sashe lake kubwa kifuani, ananipungia mkono.

Nilifurahi. Nakiri nilifurahi kama mtoto, kwa kuwa mama hatoki Rubondo, na nilidhani ameniletea mifupa. Nilimpungia pia. Kisha polisi aliyekuwa akipanga mizigo akawaambia kila mtu aweke wake chini kwenye mstari. Gunia la mihogo likawekwa, kuku waliofungwa miguu wakawekwa, ndoo ya samaki wa moshi, begi, godoro. Ilipofika zamu ya mama, hakuweka. Alimpa mwenzake amshikie sashe, akafungua kilemba chake, akakitandika vizuri juu ya vumbi, akakinyoosha pembe, na ndipo akachukua sashe lake na kuliweka juu yake kwa mikono miwili.

Kichwa chake kikabaki wazi, mvi zote nje, mbele ya watu. Mama yangu, ambaye hata nyumbani hakai bila kilemba.

Hakuna mtu anayetandikia mifupa ya mbwa kilemba. Nilijua kilichomo kama vile sashe lingekuwa la kioo. Niliwatazama wengine, mkuu, wageni, polisi, na hakuna aliyeona kitu zaidi ya kikongwe msafi. Nilifikiria kuangusha ndoo, kupiga kelele kwamba nimeumwa na nyoka, kumwita mbwa anywe maji. Lakini yule mbwa akiwa kazini hakujua maji. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejisifu kwa hilo mara nyingi.

Askari akamwachia kamba. Mbwa akaanza mwisho wa mbali. Alipita mihogo. Alipita kuku, nao wakapapatika, hata sikio hakulitega. Alipita ndoo ya samaki, tumbo lile tupu, na hakusimama. Nilikuwa naomba, na sikumbuki nilimwomba nani, Mungu wa kwaya au wazee wa msituni, wote pamoja. Mbwa akalifikia sashe la mama na kulipita. Nilipumua. Akageuka. Akarudi, akainusa pembe ya kilemba, akainusa shingo ya sashe pale lilipofungwa, mkia ukatulia.

Akaketi.

Upande wa kivulini mkuu alisema kitu kwa furaha, na wageni wakasogea. Watu wa gari walirudi nyuma, wakamwacha mama peke yake na kichwa chake kitupu. Yeye hakuogopa hata kidogo. Alimtazama yule mbwa kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu anayetazama mgeni aliyeingia kwa heshima. Mimi ndiye niliyeogopa kwa niaba yake. Niliona pingu kwenye mikono ile inayopepeta maharage. Niliona gereza, na mimi nikimpelekea uji, na yeye akiniuliza kila siku kosa lake ni nini, nami nikishindwa kumweleza.

Askari alipiga goti, akafungua fundo. Harufu ilitoka kali. Juu kabisa kulikuwa na mifupa, ya miguu, ya mbavu, mingine bado ina nyama iliyokauka, na vichwa vya samaki. Mgeni mwanamke alifunika pua. Mkuu aliuliza kwa ukali hii ni nini.

Mama akamjibu kwa sauti ya mtu asiye na deni:

"Ni mifupa ya imbwa, patron. Mutoto wangu anasema imbwa yenu inalalaka njaa, chakula ilishaisha. Njo nikaokota fasi kwa fasi, nikasema imbwa ikule."

Mgeni mwanamume alikuwa anajua Kiswahili kidogo, nilimwona akilitafuna lile neno njaa, kisha akamwangalia mkuu, na mkuu akaangalia barabara. Hakuna kati yao aliyetaka swali hilo liulizwe hapo, mbele ya abiria, nani alipaswa kumlisha mbwa. Lakini askari alikuwa bado amepiga goti. Yeye hakuwa anasikiliza. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba mbwa huyu haketi kwa ajili ya mifupa. Alivua glavu moja, akapenyeza mkono chini kabisa ya sashe, na mkono ukasimama.

Nilisogea mpaka karibu yake. Sikuwa nimepanga neno lolote.

"Afande," nilisema, "huyo ni mama yangu."

Aliinua macho akanitazama. Kisha akamtazama mama, mvi zake, kilemba kilichotandikwa mavumbini, pembe zimenyooshwa. Mkono wake ulikuwa bado ndani, na niliona mkono wa shati lake ukitikisika kidogo, vidole vikipapasa, vikihesabu kauri pengine, vikijua kwamba hili si gunia la mfanyabiashara. Sijui alifikiri nini. Alikuwa na mke na watoto watano pale mjini, na kazi iliyokuwa inaning'inia kwenye uzi, na kilichokuwa chini ya vidole vyake ndicho kitu pekee ambacho kingeiokoa. Angekitoa tu, wageni wangepiga picha, mbwa angekula mifuko na mifuko.

Alitoa mkono. Ulikuwa mtupu, umepakaa mafuta ya mifupa.

"Mifupa tu, sir," alisema, akiwa anafunga fundo. "Hii mbwa iko na njaa."

Mkuu alicheka kwa nguvu, kicheko cha kufukia jambo, akamwambia mama apakie mzigo wake. Wageni walirudi kivulini wakizungumza kwa sauti ya chini. Mama aliliinua sashe, akakung'uta kilemba, akakifunga kichwani bila kioo na kikakaa sawa, akaniambia atanisubiri kwenye chumba nilichopanga mjini. Gari likaondoka.

Mbwa alikuwa bado ameketi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nakosa raha. Pale mbele yake hapakuwa na kitu tena, ila alama ya kilemba kwenye vumbi, naye ameketi, mgongo umenyooka, anamtazama askari, anasubiri mpira wake. Alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Askari alimvuta kwa kamba. Hakuinuka. Alitoa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akamtazama askari, akanitazama mimi. Ilibidi avutwe, akiburuza makalio. Mgeni mwanamume akatikisa kichwa kwa huruma, na nilielewa kwamba kwa upande wao mambo yamekwisha. Ushahidi wa mbwa anayeketi kwa ajili ya mifupa hauwezi kupelekwa mbele ya hakimu.

Tulirudi Kamukuzi jioni ile. Mkuu alinipitia uwanjani, akaniambia nimeiaibisha ofisi kwa kupeleka siri za jikoni kambini, na kwamba nisubiri kuambiwa kuhusu kazi yangu. Nilimjibu kwamba njaa ya mbwa haikuwa siri, ilionekana kwenye mbavu. Alikwenda zake. Nilifagia banda ambalo halikuwa chafu.

Askari alikuwa kwenye bomba, kopo la udongo miguuni, adhana ya magharibi ilikuwa inakaribia. Nilingoja ajioshe. Hakujiosha. Alichukua mpira kwenye mfuko, akauweka kwenye kiganja chake kitupu, bila glavu, akaingia bandani. Mbwa alikuwa amelala ameupa mlango mgongo. Alichuchumaa karibu naye, akampa mpira mdomoni kwa mkono wake, akabaki hapo, mkono umelowa mate, akimpapasa kichwa.

"Mama," aliniambia, bado amenipa mgongo, "hii mbwa hajadanganya. Ni mimi nimedanganya."

Nilitaka kumshukuru, na nikaona kwamba shukrani ni kitu kidogo mno, hata ni matusi. Nikamwambia ilikuwa kofia ya baba. Akasema alijua ni kofia ya mzee, aliishika. Babu yake pia alikuwa na kofia, akasema. Kisha akatoka kujiosha, na safari hiyo alichukua muda mrefu, nikahofia swala itampita.

Mama nilimkuta kwenye chumba changu ameketi kitandani, amekwishanipikia. Kofia ilikuwa juu ya mto wangu, juu ya kitambaa safi. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, makali, mengine ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilitaka ajue nini kilikuwa kimekaribia kumpata, na nini kimempata mtu mwingine kwa ajili yake. Kabla sijafungua mdomo, aliniuliza yule mbwa alizaliwa wapi. Nikamwambia ng'ambo, mbali.

"Basi kule nako bako na heshima," alisema. "Bantu bote pale balikuwa banasimama, bakubwa na bazungu. Imbwa peke njo ilijua. Ilisikia baba yako anapita, ikaikala chini."

Niliketi sakafuni, mbele ya mto, kama tulivyokuwa tukiketi kwenye matope, na nikalia mpaka chakula kikapoa. Mama hakuniuliza kwa nini. Nadhani alifikiri namlilia baba.

Mradi ulifungwa. Askari alihamishiwa mpakani kukagua mihuri ya malori, na siku ya kuondoka alinipa ule mpira umefungwa kwenye gazeti, bila maelezo. Mimi sasa nauza samaki wa moshi pale Mbarara, na Rubondo wameacha kuniita mama wa mbwa, wanasema paka ndio wangu siku hizi. Kofia iko kwenye paa la chumba changu. Najua hatari yake, na ninatafuta mzee wa kuipokea, na mpaka apatikane siwezi kuitupa wala kuichoma.

Yule mweusi aliwekwa kulinda ghala la mahindi, si mbali na uwanja wa zamani, kwa mnyororo. Kwa muda mrefu sikwenda, niliona aibu. Nilipokwenda alikuwa amenenepa, na mlinzi akanionya nisikaribie maana ni mkali, hamjui mtu. Asubuhi ile nilikuwa nimeishusha kofia kuifuta vumbi, nikiwa nimevaa kitenge kile kile nilichokwenda nacho kwa mbwa.

Mbwa alikuja mpaka mnyororo ulipoishia, akiningurumia. Kisha akanusa. Akainusa pindo la kitenge, akainusa mikono yangu, mkia ukatulia, akaketi, mgongo umenyooka, akanitazama.

Mlinzi alishangaa, akaniuliza mbwa amepata nini. Nikamwambia hakuna kitu. Nikautoa mpira kwenye gazeti nililokuja nalo, nikampa.